Stika hubadili gari uani, kadi hubaki na rangi ya zamani

Kwa miaka mingi, mwenye gari aliyetaka kulibadili rangi katika miji ya Afrika Mashariki alikuwa na njia moja tu: kulipeleka gereji, likwanguliwe, lipigwe puti na kupuliziwe rangi, naye asubiri siku kadhaa akipanda bodaboda. Leo roli ya stika ya vinili, mashine ya kupuliza hewa moto na mafunzo ya video kwenye simu vimeihamishia kazi hiyo nyumbani. Kijana wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuliegesha gari jeupe uani siku ya Ijumaa, na mwanzoni mwa juma akalitoa likiwa jeusi lisilong'aa.

Kwa juu juu, hili ni suala la mapambo. Likichunguzwa, linagusa mambo mawili mazito zaidi: thamani ya mali iliyopatikana kwa jasho, na utambulisho wa gari mbele ya sheria, hasa linapovuka mpaka.

Funzo la teksi za Ujerumani

Barani Ulaya, kulifunika gari zima kwa stika kulipata nguvu kupitia teksi za Ujerumani. Tangu mwaka 1971 teksi za nchi hiyo zilitakiwa kuwa na rangi moja inayofanana na pembe za ndovu. Rangi hiyo haikuwavutia wanunuzi wa kawaida, hivyo mwenye teksi alipata hasara alipotaka kuiuza. Katika miaka ya 1990 wamiliki waligundua njia ya nafuu: kununua gari la rangi inayopendwa sokoni, kulivisha stika ya rangi inayotakiwa na sheria, kisha kuibandua siku ya kuliuza. Rangi ya kiwandani ikatoka chini yake ikiwa imehifadhika.

Hapo ndipo mantiki ya stika ilipo. Ni vazi la kukinga kitu kizima, nalo huvuliwa muda wake ukifika.

Rangi ya chini ndiyo mwamuzi

Katika eneo letu mantiki hiyo mara nyingi hugeuzwa. Magari mengi hufika yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Kenya huruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza yale yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Gari likishafika huendelea kutumika kwa miaka mingi mingine chini ya jua la ikweta, hadi vanishi ya juu ipauke na kuanza kubambuka kwenye boneti na paa. Mwenye gari la namna hiyo ndiye anayevutiwa zaidi na stika, kwa kuwa anataka kuficha uchakavu. Na gari lake ndilo lisilofaa kuvishwa.

Sababu ni ya kifundi. Stika hushikwa na gundi, na gundi haiwezi kuwa imara kuliko kitu inachokishika. Vanishi ikiwa imelegea, stika huinuka nayo. Siku ya kuibandua, rangi hutoka pamoja nayo na kuacha bati au puti wazi. Isitoshe, stika ni nyembamba mno, kwa kawaida kati ya mikroni 50 na 100, kwa hiyo kila bonde, mkwaruzo mzito na kipele cha kutu huonekana juu yake. Kutu iliyofunikwa huendelea kula bati bila mwenyewe kuiona. Wahenga walikwisha kuyasema ya mkakasi: uzuri wa nje, ndani kipande cha mti.

Aina ya stika nayo ina uzito wake. Ipo inayotengenezwa kwa kumimina vinili ikiwa majimaji na kuiacha ikauke. Hiyo ni laini na hukubali mikunjo ya bampa na vioo vya pembeni bila kuvutana. Ipo pia inayotengenezwa kwa kukandamizwa kati ya rola. Hiyo ni nene na nafuu, lakini hutaka kurudi katika umbo lake la awali, hivyo husinyaa na kuachia kwenye kona. Ya pili inafaa kwa matangazo kwenye sehemu bapa. Ikivishwa gari zima, majuto hufuata.

Roli ya kawaida ina upana wa mita 1.52, na gari dogo huhitaji takriban mita 15 hadi 20. Gari huoshwa, hufutwa kwa spiriti hadi kila chembe ya mafuta na nta iishe, kisha stika husuguliwa kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Uani, adui wa kwanza ni vumbi, na kila punje hubaki kama chunusi chini ya stika. Adui wa pili ni jua la mchana, kwani bati likichemka gundi hushika kabla stika haijanyooshwa. Wa tatu ni wembe, ambao mkononi mwa asiyezoea hukata stika na rangi kwa pamoja. Kingo zote humalizwa kwa joto ili stika isahau umbo lake la zamani. Asiyelifanya hilo huona kona zikiinuka baada ya wiki chache.

Hata kazi ikifanywa vizuri, muda wa kudumu unaotajwa na watengenezaji hupungua katika nchi zenye jua kali, na hupungua zaidi kwenye boneti na paa. Kampala iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 na Nairobi unaokaribia 1,700, ambako miale ya jua ina nguvu zaidi. Stika iliyopitiliza muda wake hukauka, ikatoka vipande vipande na kuacha gundi.

Rangi ni sehemu ya jina la gari

Upande wa sheria ndio unaosahauliwa zaidi. Rangi huandikwa kwenye hati ya usajili pamoja na namba ya chasisi na ya injini. Kenya, Uganda na Tanzania zote zina utaratibu wa mmiliki kuomba taarifa hizo zibadilishwe. Kwamba stika inaweza kubanduliwa hakumwondolei mwenye gari wajibu huo, kwa kuwa askari wa barabarani hulinganisha maandishi na kile anachokiona.

Umuhimu wa rangi machoni mwa dola si mgeni. Kenya ilizilazimisha matatu kuwa na mstari wa manjano kupitia kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Teksi za abiria za Uganda hujulikana kwa weupe na vijiraba vya buluu, na daladala za Dar es Salaam kwa mistari inayoonyesha njia zake. Kubadili rangi pia ni hila ya kale ya wezi wa magari, na stika imeirahisisha. Ndiyo maana gari lisilofanana na kadi yake humtia shaka askari, na mwenye kulieleza ni dereva.

Mpakani mzigo huo huongezeka. Anayevuka Malaba, Busia au Mutukula huonyesha hati ya usajili kwa maofisa wa nchi ambayo gari halikusajiliwa. Kama kadi inasema jeupe na gari ni jeusi, ofisa wa nchi jirani hana sababu ya kuamini maelezo ya mdomo. Kwa mfanyabiashara mwenye mali inayooza ndani ya gari, saa chache za maswali zinatosha kula faida ya safari nzima. Ajali ikitokea, tofauti hiyo yaweza kuzua ubishi pia na kampuni ya bima.

Nafasi iliyopo

Haitakuwa busara kulijibu hili kwa marufuku. Vijana wanaojifunza uani ndio watakaofungua karakana kesho kando ya mafundi wa Katwe, Barabara ya Kirinyaga na Gerezani. Kinachohitajika kwa serikali ni kuufanya utaratibu wa kubadili rangi kwenye hati uwe mwepesi na wa bei ndogo, ukamilike kwa simu kama huduma nyingine nyingi. Ukiwa mrefu na ghali, wengi wataukwepa, na polisi watapoteza alama moja ya kumtambua mwizi katikati ya waaminifu.

Kwa mwenye gari, mpangilio wa hatua uko wazi. Kwanza aikague rangi ya chini. Ikiwa inabambuka, fedha ziende kwa fundi wa rangi. Pili, ajaribu mkono kwenye kifuniko cha tangi la mafuta au mlango mmoja kabla ya kununua roli nzima. Tatu, afike ofisi ya usajili na kuiarifu bima kabla ya kuelekea mpakani.