Kurefaktorize programu si kupunguza mushahara

Kuko neno moja la Kifaransa lenye kuanza kusikika kwenye biro za malipo: refactoriser. Mimi nililisikia mwezi uliopita, nikisindikiza shemeji yangu, mutu wa zamu ya usiku. Kwenye fishi yake ya malipo, saa 12 za usiku zilikosekana. Wakamujibu: «Ni juu ya programu, tuliirefaktorize.» Tukarudi nyumba kimya. Neno kubwa linafunga kinywa.

Lakini tulifungue hilo neno. Kwa watunga programu za ordinateri, maana yake ni moja: kupanga upya ndani ya programu bila kubadili kazi yake ya inje. William Opdyke aliandika tezi juu yake kule Marekani mwaka 1992, na kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999 kikalieneza.

Kwa Kifaransa wengine wanasema réusiner, na ndani yake muko usine. Sisi watu wa mina tunaelewa. Fundi wa atelye anafungua pompe, anasafisha, anapanga vyuma vizuri ili mwenye kuifungua kesho asisumbuke. Akiifunga, maji yanatoka shimoni sawa na jana. Kama yanatoka nusu, hatusemi amepanga. Tunasema ameharibu.

Sikatai kazi yenyewe. Programu ya malipo inashonwa viraka kila mwaka: primu mpya, kodi mpya. Kisha miaka hata fundi wake anapotea ndani. Kuipanga ni vizuri. Lakini fundi wa kweli anaweka majaribio mbele: hesabu zile zile, kabla na nyuma, zitoe jibu lile lile.

Basi wadelege wetu waombe paka jambo moja: saa za mwezi mumoja zipite katika programu ya zamani na ya mpya, tulinganishe mbele ya wote. Jibu likiwa tofauti, kuko kosa, lirekebishwe na deni lilipwe. Na kama kompanyi imebadili hesabu yenyewe, iseme wazi «tumebadili», ituonyeshe ruhusa iko katika mukataba gani. Hilo ni neno lingine.

Na weye mama wa nyumba, fishi za zamani usizifungie karanga. Zile njo majaribio yetu.