Stili Waya Ikae Mbali na Ndoo ya Pombe

Mwandishi aliyewashauri kina mama wapika pombe wa Sumbawanga wasugue ndoo za plastiki kwa mchanga na stili waya mpaka zing'ae amewapotosha, na hasara itakuwa yao. Sufuria huvumilia mchanga. Plastiki huchunika. Kila mkwaruzo ni maficho ya machicha ya ulezi, na humo bakteria huzaliana hadi pombe inageuka siki kabla wateja hawajafika. Mulika ndani ya ndoo kwa tochi ya simu, pitisha ukucha kwenye kuta zake. Ukikwama, ndoo hiyo isitumike tena kwa pombe; ibebee pumba za nguruwe.

Anadai pia kwamba kileo chenyewe huua vijidudu. Si kweli! Pombe ya ulezi ina kileo kidogo mno kwa kazi hiyo, na bakteria wa siki hula kileo hichohicho.

Pombe ikishamiminwa, ndoo ioshwe papo hapo, kabla machicha hayajakauka, kwa kitambaa laini na sabuni. Kisha jiki ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita ya maji, ikae ndani dakika 10, halafu ndoo isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Huku juu Ufipa, ilipo Sumbawanga, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, yanatosha kabisa.

Ndoo mpya ni gharama, nakubali. Lakini pombe ikiharibika, ulezi, kuni na jasho la mama vimekwenda na maji. Na mama asiguse ndoo iliyobeba rangi wala dumu la viuatilifu, hata lioshwe vipi: sumu hupenya ndani ya plastiki yenyewe.