Baa ya daktari asiyekunywa pombe, na nepi za Mama Frances

Katika eneo la Soho, katikati ya jiji la London, kuna baa inayoitwa The John Snow. Baa nyingi za Uingereza zina majina ya wafalme, wanyama au matajiri wa zamani. Hii ina jina la daktari, tena daktari ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakugusa pombe na alikuwa mwanachama wa kikundi cha watu walioapa kuiacha kabisa.

Zipo baa nyingine zenye historia ya sayansi. Inayotajwa sana ni The Eagle ya mjini Cambridge. Huko, kwa masimulizi ya James Watson, mwenzake Francis Crick aliingia mchana wa Februari 28, 1953 na kuwatangazia waliokuwa wakila kwamba wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Lakini wale walikuwa wateja wa pale. Dk Snow alipewa baa karibu miaka 100 baada ya kufa kwake, kwa sababu ya pampu ya maji iliyokuwa mtaani hapo.

Usiku wa Agosti 31, 1854 kipindupindu kililipuka Broad Street, mtaa ambao leo unaitwa Broadwick Street. Ndani ya siku 10 zaidi ya watu 500 walikufa katika eneo ambalo unalizunguka kwa miguu kwa dakika chache. Madaktari wengi wa wakati huo waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu, ile harufu ya uozo. Snow, aliyekuwa akiishi jirani, alisema hapana, unamezwa. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja ambalo kila mama analielewa: maji ya kunywa mnachota wapi?

Majibu yalimrudisha kwenye pampu ileile. Nyumba ya kulelea maskini iliyokuwa karibu ilikuwa na watu 535 na walikufa watano tu, kwa sababu ilikuwa na kisima chake. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa na Soho, alikufa. Kumbe alikuwa akiletewa maji ya Broad Street kwa sababu aliyapenda ladha yake.

Kisha kuna kiwanda cha bia kilichokuwa mtaani hapo, chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Hakufa hata mmoja kwa kipindupindu. Najua akina baba wanaosoma ukurasa huu wameshaanza kutabasamu, basi niwawahi: bia haikumtibu mtu. Wafanyakazi wale walikuwa wakipewa bia ya bure, na kiwanda kilikuwa na kisima chake, hivyo hawakuwa na haja ya kwenda kwenye pampu. Mgonjwa wa kuhara akipewa pombe anazidi kupoteza maji.

Septemba 7 Snow aliwaeleza viongozi wa parokia aliyoyaona, na kesho yake mpini wa pampu uling'olewa. Historia nyingi huishia hapo. Kwangu mimi, sehemu inayotuhusu zaidi inaanzia hapo, na aliyeigundua hakuwa daktari. Alikuwa kasisi kijana, Henry Whitehead, aliyeanza uchunguzi wake akitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea. Whitehead alikuwa akiwafahamu waumini wake, akarudi kwao mara kwa mara kuuliza, mpaka akafika nyumba namba 40, iliyokuwa mbele ya pampu.

Humo aliishi polisi aitwaye Thomas Lewis na mkewe Sarah, ambaye huku kwetu tungemwita Mama Frances. Binti yao Frances, mwenye miezi mitano tu, alianza kuharisha siku chache kabla ya mlipuko na akafa Septemba 2. Mama alifanya ambacho mama yeyote angefanya: aliloweka nepi kwenye ndoo, akafua, maji akayamwaga kwenye shimo la majitaka mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa mwaka uliofuata, matofali yake yalikutwa yameoza, na kutoka hapo hadi kisimani haikufika mita moja.

Sarah hakufanya uzembe. Aliona ni nepi za mtoto. Hata leo utasikia wazazi wakisema kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina neno, ni maziwa tu. Mtoto akijisaidia uani, kinafukiwa na mchanga au kinasukumwa na maji. Ukweli ni kwamba watoto wadogo huugua kuhara mara nyingi kuliko sisi, hivyo kinyesi chao kinaweza kubeba vimelea vingi kuliko cha mtu mzima. Na kwa kipindupindu, mtu anaweza kuonekana mzima huku akitoa vimelea kwa siku kadhaa.

Baba Frances naye aliugua, Septemba 8, siku ileile mpini ulipong'olewa. Alikufa Septemba 19. Kwa siku zote hizo mkewe alikuwa akimwaga uchafu wake kwenye shimo lilelile. Pampu ingekuwa bado inafanya kazi, mtaa ungeanza upya.

Sasa turudi nyumbani. Kinyesi cha mtoto, awe ananyonya au anatumia poti, kiende chooni. Nepi ya kitambaa ikung'utwe chooni kwanza, na maji ya kulowekea yamwagwe chooni, si uani wala kwenye mtaro. Pampasi ni tatizo gumu zaidi, maana zikitupwa chooni zinajaza shimo, na zikitupwa mtaroni mvua inazirudisha mlangoni. Kung'uta kilichomo chooni, kisha funga kwenye mfuko upeleke kwenye taka. Halafu osha mikono kwa sabuni kabla hujashika chungu au chupa ya mtoto, na umnawishe mtoto pia.

Kama nyumba mnayopanga ina kisima, muulize mwenye nyumba choo kiko umbali gani. Kiwango kinachoshauriwa ni angalau mita 30. Penye chini ya hapo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama ni meupe na matamu. Ya Broad Street yalisifiwa kwa ladha.

Mtoto akiharisha maji mfululizo, hasa yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, usingoje kesho. Changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya, na aendelee kunyonya.