Kula kwa mkono si aibu, hata hotelini

Wapo wazazi ambao wakialikwa hoteli kubwa huwafinya watoto chini ya meza: "Shika uma, utatuaibisha!" Mtoto aliyezoea kula kwa mkono huanza kuamini kwamba ya nyumbani kwao ni ya kufichwa.

Wazazi hao wangeshangaa wangeingia Bukhara, mgahawa ulio ndani ya ITC Maurya, hoteli ya kifahari jijini New Delhi, India. Pale mgeni hupewa aproni ya kujifunga kifuani, lakini uma na kisu haviwekwi mezani mpaka aombe. Marais wa zamani wa Marekani, Bill Clinton na Barack Obama, ni miongoni mwa waliokula hapo.

Chakula chake ni cha kaskazini mwa India. Nyama huokwa katika tanuri ya udongo. Dengu nyeusi hupikwa kwa nyanya juu ya moto mdogo wa makaa usiku kucha, zikatiwa siagi na malai. Naan ya familia huja kubwa kupita sahani, kila mmoja akamega upande wake.

Mtoto afundishwe uma, maana kuna meza zinazoutaka. Lakini afundishwe pia kunawa vizuri, kumega tonge la kiasi, kula upande wake na kumwachia mwenziwe. Akiyajua hayo, hataaibisha mtu popote. Mtoto anayeionea haya sahani ya mama yake leo, kesho atamwonea haya mama mwenyewe.