Waraka kwa wanachama: msitie sahihi kabla ya kuiona ramani

Kwa wanachama wote wa Lubumbashi, Likasi na Kapolowe: mama wauza samaki, wavuvi, wakulima, walimu, na vijana wetu wa chuo kikuu.



Kuna karatasi inayozunguka kati yetu. Inaiomba serikali ifute mihuri ya wageni iliyowekwa juu ya ardhi ya Haut-Katanga, kwa sababu mihuri hiyo inatunyima mashamba, samaki, makala na kazi. Baadhi yenu mmekwisha kuitia sahihi, na hatuwalaumu. Mtu aliyefukuzwa shambani na mlinzi mwenye bunduki hahitaji hotuba ndefu ili akubali karatasi ya namna hiyo. Lakini sisi wa ofisi ya chama tunawaomba waliobaki msiitie sahihi, na tutawaeleza sababu.

Mihuri inayosemwa ni miwili. Wa kwanza ni wa mwaka 1982, UNESCO ilipoiandika Lufira kuwa hifadhi ya bayosfia, ya tatu nchini baada ya Luki na Yangambi. Hapo panasemwa ziwa Tshangalele na kando zake. Ziwa lenyewe halikuwepo enzi za mababu. Lilizaliwa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilipouziba mto Lufira pale Mwadingusha, mwishoni mwa miaka ya 1920, ili ipate umeme wa viwanda vyake. Maji yakafunika bonde, matete yakaota, ndege wakaja, samaki wakaongezeka, na watu wakafuata samaki. Ni kazi ya mgodi iliyogeuka kuwa riziki yetu, jambo ambalo wanaotuhubiria asili isiyoguswa hawapendi kulisikia. Muhuri wa pili ni wa mwaka 2017: bonde la Lufira liliingizwa katika orodha ya Ramsar, mkataba wa ardhi oevu, na eneo lililoandikwa linapita hekta milioni 4. Ni nchi nzima ndogo hiyo. Sijui ni wangapi kati yenu mliosikia habari hiyo mwaka ule. Mimi niliisikia kwa kuchelewa sana, na hapo ndipo kosa la kwanza la serikali lilipo: iliandika ardhi tunayolala juu yake bila kupita kijijini.

Nimesema serikali, na nimelichagua neno hilo. Karatasi inasema wageni walikuja kuweka mihuri. Hawakuja. UNESCO haiandiki hifadhi ya bayosfia mpaka nchi yenyewe ipeleke ombi, na Ramsar vivyo hivyo. Lufira ilipelekwa na Zaire. Bonde likapelekwa na Kongo, nchi iliyoingia katika mkataba wa Ramsar mwaka 1996 kwa hiari yake. Mkataba huo unasema waziwazi kwamba kuandikwa kwa mahali hakupunguzi mamlaka ya nchi juu ya mahali hapo. Na nchi ikichoka inaweza kujitoa: mwaka 2017 Marekani iliziondoa hifadhi zake 17 katika orodha ya bayosfia, na hakuna askari wa UNESCO aliyeonekana.

Wamarekani hao wana historia ndefu ya ugomvi huu. Mwaka 1995 hifadhi ya Yellowstone iliwekwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia ulio hatarini kwa sababu ya mgodi wa dhahabu uliopangwa karibu na mpaka wake. Wanasiasa wakapiga kelele kwamba Umoja wa Mataifa unawanyang'anya ardhi, na mwaka 1997 baraza la wawakilishi likapitisha mswada wa kuzuia uandikishaji wa namna hiyo. Ukafia katika seneti. Nawatajia hayo kwa sababu maneno ya karatasi inayozunguka yanafanana mno na yale. Mkulima wa Marekani, hata hivyo, alikuwa na hati ya shamba lake mfukoni. Wewe wa Kapolowe unayo ipi?

Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo penye uzito. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali peke yake, hauuziki wala haupotei kwa kupita miaka. Ardhi tunayoiita yetu, walikozikwa wazee wetu, tuliyopewa na chifu kwa kuku na pombe, mbele ya sheria hiyo tunaikalia tu. Haikuwa UNESCO iliyoandika hivyo. Basi serikali inaposimama kutetea ardhi ya wananchi dhidi ya wageni, ndugu zangu, inatetea ardhi ambayo kwa sheria yake yenyewe si ya wananchi.

Na zile mbuga zilizotuumiza? Upemba ilichorwa na Wabelgiji mwaka 1939, na UNESCO ilizaliwa mwaka 1945. Kundelungu iliundwa mwaka 1970, kwa amri iliyotoka Kinshasa. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyo katika Urithi wa Dunia. Aliyeng'olewa na mipaka ile aliondolewa na dola, ya kikoloni kisha yetu. Hata kufungwa kwa uvuvi ziwani wakati samaki wanazaliana, jambo linalowakera wavuvi wetu kila mwaka, ni amri ya jimbo. Nyavu zinazochomwa ufukweni huchomwa na maofisa wetu, wanaotuita kwa majina.

Sisemi muhuri ni malaika. Wenzetu Batwa wa mbuga ya Kahuzi-Biega walifukuzwa msituni katika miaka ya 1970. Mwaka 1980 UNESCO ikaipokea mbuga hiyo katika Urithi wa Dunia bila kuuliza waliokuwa ndani wako wapi. Wameteseka zaidi ya miaka 40. Mwaka 2024 ndipo uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulipotangazwa, ukisema haki zao zilivunjwa. Muhuri haukuwakinga. Anayewaambia kwamba jina la kimataifa litawalinda wenyewe bila ninyi kusimama, mwambieni aende Kalehe, kule Kivu, akawaulize Batwa. Ila angalieni nani alishtakiwa na nani alipatikana na hatia: ni serikali ya Kongo.

Sasa tuangalie serikali hiyo inapoupinga ulinzi wa asili, inapinga kwa ajili ya nani. Juni 2018 baraza la mawaziri lilikubali kuandaa kuondolewa kwa sehemu za mbuga za Virunga na Salonga katika ulinzi ili mafuta yatafutwe. Virunga peke yake ilikuwa ipoteze kilomita za mraba 1,720. Julai 2022 serikali ikafungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine vikigusa hifadhi. Ikajitetea kwamba nchi maskini ina haki ya kutumia mali yake. Hoja hiyo ina nguvu, na mimi mwenyewe naikubali nusu. Desemba mwaka huohuo, kule Montréal, katika mkutano wa dunia wa kulinda asili, mjumbe wa Kongo alisimama alfajiri ya tarehe 19 kupinga mapatano ya kulinda asilimia 30 ya dunia, akisema fedha hazitoshi. Mwenyekiti Mchina akagonga nyundo, mapatano yakapita. Hapo nilimpigia makofi mjumbe wetu. Kudai fedha kwa anayetaka ulinde msitu ni haki kabisa. Lakini mnada wa mafuta ulifutwa mwaka 2024, na mwaka 2025 vitalu vingine 52 vikafunguliwa. Katika hayo yote hakuna aliyekuja kuuliza kijiji, si wa muhuri wala wa mafuta.

Majirani zetu wa Tanzania walikwenda njia hiyohiyo: hifadhi ya Selous iko katika Urithi wa Dunia tangu 1982, na serikali ikajenga humo bwawa la umeme la megawati 2,115 juu ya mto Rufiji, ingawa UNESCO iliiomba isijenge. Bwawa lipo. Muhuri haukuweza kulizuia.

Turudi kwetu, maana hapa hatuna mafuta, tuna shaba na kobalti. Ramani ya madini ya nchi imegawanywa miraba na CAMI, ofisi ya serikali ya ramani za vibali vya madini, na mraba mmoja ni karibu hekta 85. Anayepata kibali cha kuchimba hukishika miaka 25. Hekta 85 kwa mara moja, kwa mtu ambaye huenda hajawahi kula bukari kwetu. Kanuni ya madini inakataza kuchimba ndani ya hifadhi zilizolindwa, na hilo ndilo neno ambalo karatasi inayozunguka haikulitaja. Ukiondoa ulinzi, ni nani anayeingia kwanza, mama mwenye jembe au kampuni yenye kibali? Nendeni Basse-Kando, kule Lualaba, hifadhi ya uwindaji, mkaone jinsi ulinzi wa karatasi unavyoliwa hata kabla ya kufutwa.

Na maji mnayajua. Nimewaona wavuvi kule Tshangalele wakitoa samaki matetini alfajiri, na mama wanaowapasua wakiosha visu katika maji yaleyale yanayopokea mito inayotoka upande wa Likasi na viwanda vyake vya Shituru. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: wanaokaa karibu na migodi walikuwa na kobalti nyingi kupita kawaida. Novemba 2025 bwawa la maji machafu ya kiwanda likamwagika hapa hapa Lubumbashi, yakaingia mitaa ya upande wa Kasapa. Serikali ilisimamisha kazi za kampuni kwa miezi mitatu, ndiyo. Kasapa haina muhuri wowote wa kimataifa. Hakuna wa nje aliyewajibika kuandika ripoti juu ya maji yale. Kwa hifadhi ya bayosfia kuna mapitio kila miaka 10, na nchi hulazimika kujibu. Kwa mahali pa Ramsar kuna orodha ya Montreux, ya maeneo yanayoharibika, ambayo hakuna serikali inayopenda kuonekana ndani yake. Ni meno madogo. Lakini ni meno, na sisi hatuna mengine.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani wa muhuri hawatasema na watetezi wake pia hawasemi. Katika hifadhi ya bayosfia si kila shamba linafungwa. Kuna kiini kinachofungwa kwa sheria, kuna eneo la kukizunguka, na kuna eneo la nje ambako watu wanakaa, wanalima na kuvua. Kwa hiyo swali letu liwe: kiini kiko wapi, nani alikichora, na kwa nini haturuhusiwi kuuona mchoro huo? Makala yanayoingia Lubumbashi kwa baiskeli kila asubuhi, magunia yaliyofumwa juu kwa nyasi na kamba mpaka msukumaji haonekani, yanatoka katika miombo inayoisha. Hatutapata umeme wa kutosha kesho. Watu watapika kwa makala. Tunaweza kuchagua wapi pakatwe na wapi pasikatwe, au tuendelee mpaka msituni vibaki visiki. Uamuzi huo ni wetu, si wa waziri wala wa UNESCO kule Paris.

Ninachowaomba basi. Karatasi ile ikikufikia, usiitie sahihi mpaka mwenye nayo akuonyeshe ramani: mipaka ya muhuri na miraba ya madini juu ya mahali palepale. Ramani ya CAMI inapatikana kwenye intaneti; vijana wa chuo, hiyo ni kazi yenu, ichapeni kubwa, na muweke majina ya vijiji tunayoyajua, siyo yale ya mabwana wa zamani. Wanaokaa ndani ya mraba wa kampuni waulize mkataba wa mahitaji ya kijamii uko wapi, maana sheria ya 2018 inaitaka kampuni itoe kwa jamii asilimia 0.3 ya mauzo yake, na asilimia 15 ya mrabaha iende kwa sekta au uchifu wenu. Chifu akikasirika, mwambieni mnauliza kwa heshima.

Tutaandika barua moja kwa gavana, nakala kwa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, na kwa kamati ya taifa ya bayosfia, tukitaka uchunguzi wa hadharani ambao sheria ya ulinzi wa asili ya Februari 2014 inautaka kabla hifadhi haijaundwa. Kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Isiyopigwa isihesabiwe imefika. Tunahitaji wanachama wawili wa Kapolowe wanaojua Kisanga vizuri, ili wazee waelewe kila neno kabla ya kuweka alama ya kidole.

Wale mliokwisha kutia sahihi, hamfukuzwi na hamtatajwa majina. Njooni mkutanoni Jumapili baada ya misa, mahali petu pa kawaida, na mje na karatasi mliyopewa. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari. Wenye simu za picha, pigeni picha ya kila ukurasa, pamoja na ule wa nyuma.

Katibu wa chama