Sauti za Wazee Wetu: Amana Iliyomo Ndani ya Kanda

Wasomaji wetu wapenzi, wiki iliyopita alitujia mama mmoja, naye ni msomaji wa safu hii tangu zamani, akiwa amebeba kikapu cha ukindu kilichojaa kanda za kaseti. Akatuambia: “Marehemu mume wangu alikaa Uarabuni miaka kumi na mmoja. Mimi sikujua kuandika, basi nikimzungumzia kwenye kanda, naye akinijibu kwa kanda. Sasa redio imekufa. Wajukuu wanachanga wanunue kompyuta mpya na spika kubwa za sebuleni. Mimi sitaki spika. Nataka kumsikia babu yao.”

Maneno hayo yalitufikirisha, kwani tunajua kuwa kikapu kama hicho kimo katika nyumba nyingi za pwani yetu. Kuna kanda za barua, za maulidi, za darsa za Ramadhani, na za nyanya akiwasimulia watoto hadithi kabla ya kulala. Kanda huzeeka, na hewa yetu ya chumvi haizihurumii. Na fedha ya nyumba ni chache. Basi leo tuzungumze namna ya kupanga vyombo vya sauti, kompyuta na hifadhi kwa gharama ndogo. Nasaha yetu kubwa ni moja: fedha itangulie kwenda kwa kile kisichoweza kununuliwa tena. Spika zinapatikana dukani kila siku, lakini sauti ya marehemu haiuzwi popote.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan amewasifu waja wake watoao bila ya israfu wala ubakhili. Tuifuate njia hiyo ya kati, wala tusiingie katika mkopo wa riba kwa sababu ya chombo cha nyumbani.

Kwanza, kanda zenyewe. Kabla ya kuicheza kanda yoyote, tazama ukingo wake wa juu. Utaona vijiti viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kanda. Vivunje. Vikishaondoka, redio haiwezi tena kurekodi juu ya kanda hiyo, hata mtoto akibonyeza kitufe kwa makosa. Kazi hii haina gharama, nayo imeokoa mengi. Kisha itazame kanda kupitia kidirisha chake. Ukiona madoa meupe ya ukungu, usiicheze, kwa sababu ukungu utaingia katika kichwa cha redio na kuhamia kanda nyingine. Itenge, umtafutie fundi. Zilizo safi zipeleke mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja, ili utepe uliogandamana kwa miaka uachane.

Pili, redio ya kaseti. Huna haja ya kununua mpya. Uliza kwa jamaa na kwa mafundi wa mtaani. Mara nyingi kilichoharibika ni mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu, na huo hubadilishwa. Safisha kichwa cha kusomea kwa pamba iliyotiwa alkoholi ya isopropili kidogo, kisha uache kikauke. Ijaribu redio kwa kanda usiyoijali kabla ya kuitia ile uipendayo.

Tatu, kompyuta. Kazi hii haihitaji mashine ya kifahari. Laptopu ya mitumba yenye RAM ya GB 4 hutosha kurekodi sauti, na yenye GB 8 itawafaa watoto kwa masomo pia. Laptopu ina faida moja juu ya kompyuta ya mezani: ina betri yake, hivyo stima ikikatika kazi haipotei. Unapoinunua, usitosheke na kuiona inawaka. Ikae imewaka nusu saa, uchomoe chaji uone betri inadumu muda gani, ujaribu kila tundu la USB, na usikilize kama diski yake inagonga. Mashine ya zamani iliyo nzito hupata nguvu mpya ikibadilishiwa diski ya SSD, nayo ni kazi ya muda mfupi kwa fundi.

Jihadharini pia na jambo hili. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya usalama kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Muuzaji akikupunguzia bei sana, huenda sababu ni hiyo. Mashine ya namna hiyo bado yafaa kwa kurekodi bila ya intaneti, au kuwekewa Linux Mint, ambayo ni ya bure. Lakini usiitumie kwa mambo ya benki na siri zako ikiwa imebaki na mfumo usiosasishwa.

Nne, njia ya kupitisha sauti. Hapa ndipo wengi hukwama. Laptopu nyingi zina tundu moja tu la kusikilizia, na ukichomeka waya wa kawaida humo, kompyuta haipokei sauti ya redio. Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti ya USB, yenye tundu la kutoa na tundu la kuingiza. Waya wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili utoke tundu la kusikilizia la redio, uingie katika tundu la kuingizia la kadi. Kadi za bei nafuu hupokea sauti ya mono, na kwa mazungumzo hiyo yatosha.

Katika kompyuta weka programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Anza na sauti ya chini kwenye redio, kisha ipandishe polepole huku ukitazama kipimo katika programu. Pale mzungumzaji anapopaza sauti zaidi, kipimo kisifike ukingoni. Sauti iliyorekodiwa chini huweza kupandishwa baadaye, ila iliyopasuka haitengenezeki. Na jueni kuwa hapana njia ya mkato: kanda ya dakika 90 itachukua dakika 90. Fanyeni upande mmoja baada ya Isha kila siku, na kikapu kitakwisha inshaallah.

Ile nakala ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyo, kwa muundo wa WAV. Ukitaka kuondoa mvumo, fanya hivyo katika nakala nyingine. Na kila faili lipewe jina linaloeleweka: nani anazungumza, wapi, mwaka gani, kanda ya ngapi, upande upi. Wakae wazee karibu wakati wa kurekodi, wawatambulishe wanaosikika. Baada ya miaka ishirini, faili lenye namba tupu litakuwa kama kaburi lisilojulikana la nani.

Tano, na hapa ndipo tunapowaomba msibane mkono: hifadhi. Hesabu yake ni nyepesi. Sauti ya mono katika WAV ya kawaida huchukua takribani MB 5.3 kwa dakika. Kanda 30 za dakika 90 zitachukua kama GB 14, na flashi moja ya GB 32 inazibeba. Zikibanwa kuwa MP3 ya kiwango cha mazungumzo, zote pamoja hazizidi GB 1.5 hivi, na zaweza kukaa hata katika simu.

Lakini nakala moja ni sawa na hakuna. Tunalisema hili kwa uchungu. Nyumbani kwetu tulikuwa na diski moja ya nje iliyobeba sauti na picha za miaka mingi. Siku ya Idd mtoto alipita mbio, akavuta waya, diski ikaanguka sakafuni. Tangu hapo ikawa inagonga tu. Fundi alijaribu, akaturudishia akiomba radhi. Kilichopona ni dua moja ya mama yetu, kwa kuwa shangazi aliyeko Lamu alikuwa ameinakili katika simu yake. Dakika nne tu, kutoka katika miaka yote ile.

Basi wekeni nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika flashi au diski ya nje, na ya tatu katika nyumba nyingine, kwa dada au kwa mjomba, ili moto au maji yasizichukue zote kwa pamoja. Anwani ya Google huja na nafasi ya bure ya GB 15, nayo yatosha kwa zile nakala za MP3. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, zifungueni mzisikilize, kwani flashi iliyosahauliwa kabatini kwa miaka huweza kupoteza kilichomo. Na msidanganyike na flashi inayodai kubeba GB 2,000 kwa bei ya chakula cha mchana. Hutengenezwa ili ionyeshe nafasi isiyokuwepo, na ikijaa hufuta ya mwanzo kimyakimya. Ijaze yote, kisha ufungue mafaili ujionee, kabla ya kuitegemea.

Vyombo hivi viwekwe mbali na dirisha lielekealo bahari. Diski na flashi zikae katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu viwekwavyo ndani ya makasha ya viatu. Kanda zisimame wima, wala zisikae juu ya spika, kwa kuwa spika ina sumaku na kanda ni kazi ya sumaku.

Na spika? Zije mwisho, kwa kilichobaki. Jozi ndogo ya mitumba, ikikaa usawa wa masikio na kuachana kidogo na ukuta, hutosha kwa Qur'ani na darsa. Vyumba vyetu vya sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, na zulia na mapazia mazito husaidia kuliko spika kubwa.

Limebaki jambo ambalo si la vyombo. Kanda hizi zina siri. Mke alimwambia mumewe asiyoweza kumwambia mtu mwingine, na hakujua kuwa siku moja kutakuwa na makundi ya WhatsApp. Sauti ya mtu ni amana. Aliye hai aombwe ruhusa. Aliyefariki, wakae watu wake waamue lipi la kusikilizwa na wote na lipi la kufunikwa. Na mkimsikia marehemu akitaja deni au wasia, msilipuuze. Lipelekeni kwa sheikh au kwa Kadhi, mpate kuelekezwa.

Yule mama wa kikapu tulimsaidia kanda mbili za mwanzo, kwa redio ya kuazima na laptopu ya mjukuu wake. Sauti ya mwanamume ilipotoka, ikatoa salamu na kuuliza iwapo paa limetengenezwa kabla ya masika, mama akatunyamazisha kwa mkono. Sisi na wajukuu tukatoka barazani, tukamwachia chumba. Fedha waliyoichanga vijana imenunua kadi ya sauti, flashi mbili na diski ya nje. Spika bado, na hakuna aliyeziulizia.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atujaalie kuwa watunzaji wema wa walichotuachia. Amin.