Cheti Kilichofuata Ratiba ya Waziri

Barua ilikuwapo. Julai 1930 Frederick McWade, mkaguzi wa serikali pale Cardington, Uingereza, aliiarifu Wizara ya Anga kwamba mifuko ya gesi ndani ya meli ya anga R101 ilikuwa ikisuguana na fremu za chuma na kutoboka. Akasema wazi kuwa hawezi kupendekeza kibali cha kuruka kiongezwe muda kabla kasoro hiyo haijaondolewa. Usiku wa kuamkia Oktoba 5 mwaka huohuo, R101 ilianguka kilimani karibu na Beauvais, Ufaransa, ikawaka moto. Kati ya watu 54 waliokuwamo, walikufa 48. Basi mtu asinisimulie habari ya upepo na mvua za usiku ule!

Barua ya McWade ilipelekwa wapi? Kwa Colmore, mkurugenzi wa mradi wenyewe. Kesi ya ngedere kapelekewa nyani. Colmore akajibu kwamba pedi zitazuia msuguano, na Wizara ikaridhika. Mtu anayekaguliwa ndiye aliyeachiwa kuamua kama mkaguzi amesema kweli.

Na walijua wanacheza na nini. Chombo hicho kilielea kwa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja, iliyojazwa katika mifuko ya utando wa utumbo wa ng'ombe. Kilikuwa na injini tano za dizeli, nzito kupita kiasi. Kilipopimwa, kikaonekana hakiwezi kubeba mzigo uliotarajiwa. Ndipo walipolegeza nyaya zilizobana mifuko ili ivimbe zaidi, ikaanza kukwaruzana na fremu. Hayo hayakutosha: wakakikata chombo katikati na kuingiza kipande kipya chenye mfuko mwingine, kikafikia urefu wa mita 237. Baada ya mabadiliko makubwa namna hiyo kilijaribiwa mara moja tu, Oktoba 1, kwa muda wa saa 17 hivi, na hakikuendeshwa kwa kasi kamili kwa sababu kipoza mafuta cha injini moja kiliharibika. Siku iliyofuata kikapewa cheti, hali ripoti ya maandishi ya wataalamu haijakamilika. Jioni ya Oktoba 4 kikaondoka kwenda India.

Haraka ya nini? Waziri wa Anga, Lord Thomson, alitaka afike Karachi, katika India ya wakati ule, na kurejea London kabla mkutano wa viongozi wa himaya haujamalizika. Njiani, Ismailia nchini Misri, ilipangwa karamu ya heshima, na zulia zito likapakiwa kwa ajili yake. Zulia! Chombo kilichobeba zulia hilo kililazimika kumwaga tani nne za maji ili kiweze tu kuachana na mlingoti wake.

Wapo wanaotuambia kwamba usafiri wa anga ulikuwa mchanga na waasisi hukubali hatari. Nakataa. Rubani wa majaribio anayepaa mchana, akiwa na watu wachache na hali ya hewa nzuri, amekubali hatari anayoijua. Mafundi na wahudumu wa R101 walipakiwa jioni, hali ya hewa ikizidi kuharibika, kwenye safari ya fahari ya serikali. Kwamba Thomson na Colmore nao waliteketea humo hakuwaondolei lawama.

Tume ya Sir John Simon iliyochunguza ajali ilikiri kwamba safari isingeanza jioni ile kama si sababu za sera ya serikali, kisha haikumtia mtu yeyote hatiani. Serikali nayo ikaivunja R100, meli nyingine ya anga iliyokuwa imekwenda Kanada na kurudi salama wiki chache tu kabla ya ajali, ikaiuza kama chuma chakavu. Adhabu ikaangukia chombo ambacho hakikuua mtu. Haki ya wale 48 ilikuwa moja, tena ndogo: neno la McWade lingebaki neno la mwisho, na waziri angepanda treni na meli kama abiria wengine wa India.